Wanaoitika Chumbani kwa Kamanda

Bwera, Ijumaa baada ya swala

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yamepunguza kelele, na chai yako ya vijiko vinne umeiacha kama ulivyomwahidi daktari (ingawa nakujua). Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Sikupiga simu kwa sababu wewe husikiliza kwa spika nyumba nzima ikasikia, na haya sitaki Zaina ayasikie kabla yako. Mpe Baba Mdogo akusomee, mfunge mlango.

Uliniagiza nitafute habari za Idi. Huu ni mwaka wa pili tangu mdogo wangu avuke hapa mpakani Mpondwe na magunia yake ya chumvi, akapanda boti ziwani upande wa Kongo, akanyamaza. Najua wakwe zake wanataka Zaina akae eda kisha wamchukue binti yao, na sheikh amekataa kwa kuwa hakuna ushahidi wa kifo. Nimewauliza madereva, wapagazi na mawakala wenzangu wa forodha. Hakuna ajuaye. Basi nikamwuliza jirani yangu, na ninajuta.

Jirani huyu tunamwita Kamanda. Ni Mkongomani, alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na ni mtu wa mazingaombwe. Ufundi huo alifundishwa na baharia mmoja akiwa kuruta, na alipopewa boti ya doria katika ziwa hilohilo akawa anawachekesha askari wake kwa mayai na karata. Siku moja dhoruba ikaipindua ile boti. Askari kumi na wawili wakazama, akaokoka yeye peke yake. Akaacha jeshi, akavuka mpaka na sanduku moja, na sasa siku za soko hufanya maonyesho pale Mpondwe. Humimina jagi zima la maji ndani ya gazeti alilolikunja, akalikunjua, likawa kavu. Watu hupiga makofi. Mama Masika, mwenye nyumba wetu, yeye hulalamika tu kwamba sakafu ya Kamanda haikauki hata kiangazi, na inanuka tope la ziwa.

Kila alfajiri, nikitoka kuswali, namsikia ng'ambo ya ukuta akiita majina kama gwarideni. Na kila jina huitikiwa, "Prezan!", yaani "nipo" kwa Kifaransa, kila moja kwa sauti yake. Mmoja ana kikohozi. Mwingine ni kijana kabisa. Wiki ya kwanza sikulala vizuri, mpaka Mama Masika akanicheka.

"Yusufu, wewe naogopa nini? Huyo mzee najua kusema mudomo imefunga. Ni mchezo tu."

Nikaamini ni mchezo. Hata hivyo, siku uliponipigia ukilia, nilikwenda nikamweleza habari za Idi na Zaina, nikamwomba amwite. Mama, usinigombeze. Nilikuwa nimechoka kukuambia sijui.

Kamanda aliniangalia sana. "Jina ya mama yenu ni nani?" Nikamwambia. Akasema, "Mi nitamwita. Kama anaitika, iko kwangu, mu mayi. Kama ananyamaza, angali wenu." Mayi kwao ni maji: akiitika, amezama.

Asubuhi yake alinisimamisha mlangoni mwake. Alivaa shati lake jeupe la kazi, ukungu wa mlimani umeingia hadi chumbani. Akawaita wale kumi na wawili, wote wakaitika. Kisha akaita, "Idi, mutoto ya Halima!" Kimya. Akaita tena. Nikaona mishipa ya shingo imemsimama, mdomo unatetemeka, jasho linamtoka. Mara ya tatu akapiga magoti, akaanza kulia.

"Yusufu, unisamehe," alisema, sauti imeshakwaruza. "Ni miye naitikaka kwa bote. Bale batoto balikufa zamani, hakuna mutu humu. Na huyu nilitaka kumuitikia, muke yake apumuzike. Mutu alinishika mu koo. Nilisikia vidole, baridi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Sauti imekwisha kabisa, Mama. Nilimpeleka hospitali, wakammulika koo, wakasema halina kitu.

Sasa nisikilize vizuri. Alfajiri iliyofuata nilisikia kikohozi ng'ambo ya ukuta, kisha, "Prezan!" Hakuna aliyeita. Nikaingia bila kubisha. Kamanda alikuwa amesimama wima, mdomo umefungwa, machozi yanamtiririka, na sakafu imejaa maji mpaka kwenye vifundo vyake. Nilimwekea kiganja kooni. Koo lilikuwa limetulia tuli, na wao wanaitika mmoja baada ya mwingine, karibu na sikio langu. Niliogopa, Mama, sikufichi. Mama Masika hacheki tena, na kodi anaipokelea barabarani.

Kwa hiyo waambie wakwe wa Idi: Zaina asikae eda. Sheikh usimweleze nimejuaje, atanisomea dua akidhani nimepagawa. Sema tu Yusufu ameuliza, na Idi hajaitika.

Nisalimie Baba Mdogo anayekusomea, na mwambie asitetemeke, aendelee. Nisalimie Shangazi Mwanaidi wa duka la mkaa, na dada yangu Rukia na mumewe. Zaina msalimie peke yake, polepole.

Umeniuliza nitarudi lini Nakuru. Mwenye lori mmoja alinipa nafasi ya bure wiki jana, nikafunga begi, kisha nikalifungua. Kila alfajiri nakaa karibu na ule ukuta, nawahesabu. Akishaitika wa kumi na mbili, natega sikio. Mpaka leo hakuna wa kumi na tatu. Nikihama chumba hiki, Mama, nani atakuja kukuambia?

Mwanao akupendaye,
Yusufu