Fungu la Chombo

Dulac, Louisiana
Jumapili ya mwisho ya Mei

Kaka Wilton mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za kuku wetu, maana nao wana sehemu yao katika habari hii. Hujambo wewe? Wifi Carleen hajambo? Na watoto, wameshazoea joto la Houston au bado wanalala sakafuni? Sisi huku tu wazima. Goti langu linanisumbua nikisimama sana pale jikoni shuleni, lakini nikikumbuka tulivyokuwa mwaka jana, kulalamika naona ni kufuru.

Nakuandikia kukushukuru kwa kayaki, kile kimtumbwi cha makasia. Najua shukrani zimechelewa. Uliituma tangu Oktoba, nami nikakujibu kwa simu kwamba imefika, basi. Sikuwa na la kuongeza, kwa sababu la kuongeza halikuwa zuri.

Binamu Nolan alipoishusha garini, Baba aliitazama kutoka barazani juu, akauliza nani kaagiza beseni la kuogea. Nolan akamwambia limetoka kwako. Baba akasema lirudi lilikotoka. Nolan, unavyomjua, akajifanya kiziwi, akawasha gari, akaenda zake. Kwa hiyo kayaki ikabaki chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoiinua, na kuku wakaona wamejengewa. Majira yote ya baridi walitagia kwenye kiti cha mbele.

Simlaumu yeyote kati yenu. Nilikuwepo siku ulipomwambia kwamba boti ya kuvulia kamba hutaichukua, kwamba unakwenda Houston kutengeneza viyoyozi. Nilimsikia akikujibu mbele ya gati zima kwamba tangu siku hiyo huna fungu katika chombo chake. Mimi na wewe tunajua kwamba huku kwetu afadhali mtu akutukane matusi ya nguoni. Kisha akaiuza *Miss Enola*, boti yenye jina la marehemu Mama, akapanda ngazi, akakaa. Miaka mitatu, Kaka, hataki kusikia jina lako, na maji hataki hata kuyagusa. Nilikuwa nampikia mtu ambaye hajui amekula nini. Niliogopa sana. Niliona tunampoteza mzee wetu huku bado anapumua.

Mwezi wa Machi nikachoka kuogopa. Niliwafukuza kuku, nikaiosha kayaki, nikaiburuta hadi kinamasini nyuma ya nyumba, kwenye yale maji ya gotini ambako boti ya injini hukwama topeni. Nilichukua vile visamaki vya plastiki vya chambo ulivyoviweka ndani yake, vinavyoelea na kulia kama punje za mahindi ndani ya kopo. Nikakirusha kimoja kando ya majani, nikawa natikisa fimbo ya kuvulia, nacho kinayumba kushoto kulia kama mlevi anayetoka dansini. Mara maji yakatuna nyuma yake, kitu kinakuja mbio, kisha yakalipuka! Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Kisamaki kikaruka kikanipita sikioni, na samaki hayupo. Nikarusha tena, ikawa vilevile. Ikawa hivyo kila nikitoka kazini, mpaka nikaanza kuwachukia wale samaki wekundu na mikia yao wanayoipunga juu ya maji kama wananiaga.

Kumbe nilikuwa na mtazamaji. Jioni moja sauti ikatoka barazani, ile sauti yake ya kushindana na injini: "Noelie! Unamnyang'anya! Mdomo wake uko chini ya kichwa, hauko mbele! Kakikosa, anarudi huyo! Mwache ale, mtoto wewe!" Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama na kikombe mkononi, kahawa inamwagika. Maneno hayo yalizidi yote aliyoyasema tangu Krismasi. Hapo nikafanya jambo la busara kwa bahati tu: nilimjibu vibaya. Nilimwambia barazani kila mtu ni bingwa, kama anajua sana ashuke mwenyewe.

Akashuka! Alivaa yale mabuti yake meupe ya mpira, akaniamuru nihamie mbele, akakaa nyuma akinung'unika kwamba chombo kinanuka kuku. Alirusha vizuri kuliko mimi, hilo siwezi kumnyima. Lakini maji yalipolipuka, yule bwana wa "mwache ale" alivuta kwa mikono miwili kama anayepandisha wavu. Kisamaki kikarudi hewani, kikamnasa kofia, kikaipeleka majini. Jirani yetu Ovide alikuwa amesimama barabarani na meno yote nje. Akapaza sauti, "Ozema! Leo umevua kofia! Hebu tuambie, ina magamba?" Nilifunga macho nikingoja matusi. Baba akacheka. Kaka, alicheka mpaka kayaki ikataka kupinduka, nikashikilia majani, nami nikacheka na kulia pamoja.

Tangu siku hiyo amepata dawa ya mikono yake. Maji yakilipuka haangalii. Anainamisha kichwa, anasema, "Salamu Maria, umejaa neema." Akifika kwenye neema na mshipi umekuwa mzito, ndipo anavuta. Ovide anasema samaki wa Baba wanakufa wakiwa wameshasaliwa, padri hana kazi nao tena. Mimi nimejaribu dawa hiyohiyo, na wa kwanza kumpata alituvuta kayaki nzima na sisi ndani yake hadi upande wa pili. Lile doa jeusi alilokuwa nalo mkiani nililibusu.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikae kuandika, badala ya kupiga simu.

Kila tukirudi, Baba husafisha samaki mezani chini ya nyumba, na kila mara anagawa mafungu matatu. Moja langu, moja lake. La tatu analifunga kwenye mfuko, anazunguka nalo nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba ndiyo njia ya kwenda kwa Bi Velma, yule mjane mpika keki. Basi mimi nikajumlisha yangu. Nikaanza kumsalimia Bi Velma kwa heshima zote, nikamchukulia mkoba kanisani, hata nikamwambia kwamba Baba ni mtu mpole ukimzoea. Mama wa watu akanitazama kama nina homa.

Jana nilikwenda kwenye kibanda cha nyavu, huko huko nyuma, kuitayarisha ile friza ya zamani, maana msimu wa vimbunga huu hapa. Nilijua ni tupu, haijatumika tangu Mama alipotutoka. Kufungua, imejaa hadi kifuniko. Mifuko kwa mifuko, minofu ya samaki wekundu na magamba yake kama unavyopenda kuchoma, kila mfuko umefungwa kwa uzi wa nyavu na fundo lake lile.

Nilimwita, nikamuuliza hii yote ni ya nani. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. Akasema chombo kina fungu lake, tangu baba wa baba yake, na fungu la chombo ni la mwenye chombo. Nikamwambia, Baba, mwenye chombo yuko Houston. Akasema anajua alipo, yeye si mwehu. Kisha akasema maneno haya, nami nakuandikia kama yalivyomtoka: "Mwambie friza imejaa. Kimbunga kikija umeme utakatika, na mimi sitaozesha haki ya mtu. Aje alichukue. Fungu halitumwi kwa gari la Nolan, linachukuliwa na mwenyewe kwa mkono wake."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Baba amewabishia wahenga tangu Machi, peke yake, ndani ya kibanda cha nyavu. Njoo, Kaka. Njoo na Carleen na watoto, njoo na sanduku la barafu, lakini njoo. Kitu ulichokituma kimenirudishia mzee wangu, nami sina asante inayotosha.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Bi Velma anakusalimu, tumeshaelewana. Baba hajaniambia nikusalimu. Ameuliza tu, akiwa amenipa mgongo, kama bado unakunywa kahawa bila sukari.

Mimi dada yako,
Noelie