Raba Zisizotakiwa Kuona Matope

Jumatatu, 18 Oktoba 1976. Mwingi
Tumefika kutoka Kathonzweni. Kigari changu kimepigwa mawe tena! Lori letu la injili — nusu mizigo, nusu nyumba, kitanda na jiko ndani — hukivuta nyuma kwa chuma, na magurudumu yake hukirushia kila kokoto ya Ukambani. Kioo cha mbele kina ufa. Taa ya kushoto imekufa. Mutie, mume wangu, anahubiri vizuri lakini anaendesha kama anafukuzwa.

Nimemwambia: mimi ndiye mkunga, kigari ndicho miguu yangu. Lori haliwezi kuingia ile njia nyembamba ya kwa Ndila, kule Nuu. Ana mapacha, atajifungua mwanzoni mwa mwezi ujao. Watoto wake wawili wa kwanza aliwazika. Nilimwahidi nitamtoa kule mwenyewe, ajifungulie hospitali. Mutie akasema, tuombe. Tumeomba. Ufa uko palepale.

Jumatano, 20 Oktoba
Sokoni kwa Muthama, fundi wa akala, vile viatu vya tairi. Nataka raba mbili za kuning'inia nyuma ya magurudumu ya lori, zizuie mawe na matope. Akacheka mpaka akashika mbavu — eti sista, huyo mwenye mguu mkubwa hivyo anaishi wapi, nimtengenezee pea? Lakini alikata tairi kuukuu, akalilaza juani na kulikandamiza kwa mawe linyooke. Siku mbili, halafu atafunga kwa boliti.

Jumanne, 26 Oktoba. Kyuso
Maajabu! Kutoka Mwingi hadi hapa, hakuna jiwe hata moja. Raba zimebakiza shubiri moja tu kugusa chini, zinapigapiga kama masikio ya ng'ombe. Nilichutama nyuma ya lori nikizipapasa, mama mmoja muuza ndengu akaniuliza nimepoteza nini.

Ijumaa, 29 Oktoba
Mzee Kivuva, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, amejiunga nasi na wazee wenzake. Mtu mwema kabisa — na hiyo ndiyo shida. Ameziona raba, akasema nafasi nzuri hivyo isikae bure. Kufika jioni zina maandishi ya rangi nyeupe: kushoto MUNGU, kulia HULINDA. Zilipendeza. Nilipiga makofi mimi mwenyewe! Mjinga.

Jumapili, 31 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Baada ya ibada Mzee Kivuva alizunguka nyuma ya lori, akarudi uso umemkunjamana. Jina la Mungu limejaa matope, eti hata mavi ya ng'ombe. Kamati ikakaa — dakika kumi tu — ikaamua: barabara ikiwa na matope, raba zikunjwe juu na kufungwa kamba. Ikikauka, zishushwe.

Nimeugeuzageuza huo uamuzi kichwani mchana kutwa. Raba za kuzuia matope zisiguse matope! Nilipouliza, kwani hatuwezi kufuta rangi? wakanitazama kana kwamba nataka kuchoma Biblia. Kufuta jina la Mungu, mwana wakwa, mwanangu? Nikasema, Yesu si alimponya kipofu kwa matope? Mzee akajibu, hayo yalikuwa matope ya Yerusalemu. Labda ni mimi nisiyeelewa. Nimelelewa katika kanisa hili. Sijui tena nani mwenye akili.

Jumanne, 2 Novemba. Njia ya Nuu
Kamba zimefungwa. Jiwe limetoboa rejeta ya kigari, maji yanavuja.

Nimelia, kwa hasira. Mutie ameziba tundu kwa kipande cha sabuni. Itashika kidogo, anasema, mradi kisipigwe tena. Mzee Kivuva akaweka mikono juu ya kigari akakiombea, machozi yakimtoka kweli. Siwezi hata kumchukia.

Alhamisi, 4 Novemba
Nzioka, mume wa Ndila, amekuja asubuhi kwa baiskeli, matope hadi kwenye kofia. Chupa ya uzazi imepasuka. Sabuni haiwezi kuhimili safari yote, kwa hiyo lori litavuta kigari maili tisa hadi njia panda, niingie nacho nimtoe Ndila, kisha lori litukimbize hospitali.

Nilichukua kisu cha jikoni nikakata kamba ya kushoto. MUNGU ikashuka. Ya kulia Mzee Kivuva akaikumbatia kwa mikono miwili. Mutie akasema, basi moja ishuke, moja ikae, tusikosane. Nusu! Na tukaondoka hivyo, Mzee mbele na Mutie, mimi na Nzioka ndani ya kigari. Mpaka sasa sielewi kwa nini nilikubali.

Maili nne. Upande wa kushoto, kimya. Kulia — taa iliyobaki imeenda. Halafu kioo, paa! Nilipiga honi mpaka lori likasimama.

Naandika kwa penseli, kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele. Mzee Kivuva ameshuka. Amekitazama kigari, muda mrefu. Sasa amepiga magoti kwenye matope na suti yake ya Jumapili, nyuma ya gurudumu la kulia. Mikono iko kwenye kamba. Kioo ni nyufa tupu, sioni vizuri. Nzioka anauliza, sista, huyo mzee anafungua ama anakaza?

Sijui. Ametunyooshea mkono bila kugeuka. Ama anaomba kisu, ama ananikataza nisikaribie. Kisu ninacho; nashuka nacho, kamba hiyo ikatwe.