Ini Halitulii

3 Machi

Shikamoo mama. Magoti yanasemaje? Mimi mzima kama chuma, na bahati imenipenda mpaka naona haya. Chumba cha upasuaji sasa hakiendi bila mimi! Huku hatupasui watu kama samaki. Tunatoboa vitundu vitatu tumboni, tunaingiza kamera, halafu mashine yangu inalichora ini zima, mbele na nyuma, utadhani umelishika mkononi. Na ini halitulii, mama. Mgonjwa akivuta pumzi linashuka, akiitoa linapanda. Picha nayo inalifuata papo hapo. Daktari bingwa ananiuliza, "Mzee wa picha, nipite wapi?" Namwonyesha. Msalimie dada.

Mwanao, kifunguamimba

19 Machi

Marahaba mwanangu. Huku sisi si wazima. Shemeji yako amemchoma dada yako kwa kisu cha jikoni, mara mbili, mbele ya wanawe. Mara ya pili kisu kilivunjika, ncha ikabaki ndani ya ini. Daktari wa hapa anataka kumpasua toka kifuani mpaka kitovuni. Dada yako amegoma: "Nipelekeni kwa kaka, kwenye vitundu vitatu." Nami sijaweka sahihi ya kuruhusu apasuliwe. Tuje?

Mama yako

20 Machi, asubuhi

Shikamoo mama, poleni sana. Dada kaamkaje? Huyo mbwa nitamng'oa meno kwa koleo, moja moja, na la mwisho nitamlisha! Nitamvunja mikono yote miwili, awe analishwa uji kama mtoto. Mashine ina foleni kidogo, lakini nitaongea na wakubwa. Wananiheshimu. Mpe moyo.

Mwanao

20 Machi, saa sita mchana

Wewe, achana na meno ya watu! Nimekupigia simu mara tisa, hupokei. Tumbo la dada yako limevimba, gumu kama ubao. Anatapika damu. Nesi aliyeleta karatasi ya sahihi kang'atwa mkono, dripu imepigwa teke, na dada yako bado anapiga kelele, "Kaka yupo!" Daktari anasema kila akivuta pumzi ile ncha inazidi kumchana. Gari la wagonjwa liko mlangoni, na safari ni ya kutwa nzima. Sema neno moja: tuje, au apasuliwe?

Mama yako

20 Machi, saa sita na robo

Mama, weka sahihi. Asipande hilo gari. Akigoma mshikeni miguu, apasuliwe sasa hivi. Simu niliiona ikiita. Niliogopa sauti yako.

Msomee haya, kwa sauti:

Dada, usinisubiri. Mimi si fundi wa mashine yoyote. Nadeki damu wenzangu wakishamaliza kazi. Ile picha naichungulia mlangoni, nimeshika ndoo. Daktari bingwa hajawahi kuniuliza kitu. Nilidanganya.

Kaka yako