Nusu ya Paa Nimekuachia Wewe

Mwanangu Ochieng',

Mama Akinyi jirani amekaanga dagaa wake wa omena leo, na harufu ilipoingia hapa jikoni nimesikia njaa. Nimecheka peke yangu, kisha nikakukumbuka na kicheko kikaisha. Wakati nilipokuwa nikidungwa zile dawa za kansa, harufu hiyo hiyo ilinitoa mbio mpaka chooni. Ulivuka ua ukaenda kumwomba asikaangie upande wetu. Alisimama mikono kiunoni: "Sasa we Ochieng', nikaangie wapi? Nairobi?" Lakini jioni tukamwona akihamisha jiko lake nyuma ya nyumba, amenuna. Ulirudi kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Kule sokoni Kibuye pia ulinishikia kibanda cha mitumba nilipokuwa siwezi kusimama. Wewe si mfanyabiashara, Mungu ananisikia. Mteja akikwambia ana shida unampunguzia bei, halafu unamwombea. Nilikugombeza sana. Ila wanawake wa Kibuye mpaka leo wananiuliza yule kijana wa maombi yuko wapi, na nikiwaambia uko Ufilipino unahubiri, wanaangalia kwanza kitambaa nilichofunga kichwani ndipo wanaitikia.

Siku kanisa lilipokuita, nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza dawa. Ulikuja ukaketi kitandani kwangu. "Mama, we sema tu. Ukisema nikae, nakaa."

"Enda, nyathina," nikakwambia. Mtoto wangu, enda. "Mimi niko."

Nililisema kwa moyo wote na silirudishi. Lakini kuna jambo limetokea nyumbani Nyakach, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa soko la Katito, ambao midomo yao unaijua.

Simba yako, ile nyumba yako ya ujana pale karibu na lango, uliiacha kuta tupu bila paa. Wiki iliyopita babako alitoka hapa mjini akatangulia nyumbani, mimi nikafuata kesho yake kuangalia mahindi. Kabla sijafika langoni nikasikia nyundo. Babako mdogo alikuwa juu ya simba yako akipigilia mabati.

"Hii mabati ni ya nini?" nikamuuliza.

"Si ya kijana, Mama Ochieng'. Akikuja apate pa kulala."

"Anakuja lini?"

Akaanza kuhesabu misumari mkononi kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza habari za misumari.

Unajua mambo ya kwetu. Kijana mkubwa halali katika nyumba ya mamake, na mama akifa, aibu ya kwanza ambayo wageni wataiona ni mwanawe kukosa paa lake bomani. Kwa hiyo mtu akiugua sana, watu huanza kuezeka. Hakuna anayesema lolote. Unasikia nyundo tu, na unaelewa. Daktari ameniambia kipimo cha mwisho hakikuonyesha kitu, niwe nakuja kuangaliwa. Niliwaeleza wote. Wakatikisa vichwa, wakasema asante Yesu, wakaenda kununua mabati ya matanga yangu.

Babako mdogo nimeshamsamehe. Aliyeniumiza ni babako. Ndiye aliyekuwa ameshikilia ngazi. Mwanaume aliyejifunza kunipikia uji usio na madonge, aliyeniosha nilipokuwa siwezi kujiosha, alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili na hakuweza kunitazama. "Hata wewe?" nikamuuliza.

"Mimi naogopa," akasema. "Sijui nifanye nini."

Nilikasirika, nikamhurumia, kisha nikakasirika upya. Nikawaambia washuke. Babako mdogo alilalamika kwamba kazi haiachwi katikati, lakini nilimwangalia vile nilivyokuwa nikikuangalia ukidokoa nyama chunguni, akashuka. Upande unaotazama lango umeezekwa. Upande wa pili uko wazi, na sasa mvua imeanza, kwa hiyo inanyesha ndani ya nyumba yako. Mabati yaliyobaki yameegemezwa ukutani. Nimekataza mtu yeyote kuyagusa, na boma zima linasema ugonjwa umenipanda kichwani.

Na mimi pia naogopa, mwanangu. Nikikohoa naogopa. Mgongo ukiuma naogopa, hata kama nilikuwa nimebeba furushi la nguo. Unapopiga simu ya video Jumatatu, nikaona umekonda na bado unacheka, lile neno moja ulilosema niseme tu siku ile, "Kaa," hunijia mpaka kwenye ulimi. Ukiniona nimenyamaza ghafla, usidhani mtandao umekatika. Ninalimeza.

Ninachotaka kukuomba ni hiki. Wakikupigia, na watakupigia, wakikwambia simba yako imeanza kuezekwa, usifunge sanduku. Usirudi kwa sababu ya nusu hiyo. Maliza ulichotumwa, kisha uje upande juu ya nyumba yako mwenyewe, uiezeke ile iliyobaki kwa nyundo yako.

Misumari nitakupa mimi, nikiwa chini ya ngazi. Mkono wa upande ambao walinikata titi bado haunyanyuki vizuri. Kule kliniki walinifundisha kusimama karibu na ukuta na kupandisha vidole polepole kama buibui, halafu niweke alama ya chaki pale vinapokomea. Ukuta wa jikoni umejaa chaki, babako anadhani nachora. Nilianzia chini ya usawa wa meza, na jana nimefika kwenye swichi ya taa. Mtu aliye juu ya ngazi yuko mbali zaidi ya hapo, najua. Ndiyo maana nikiisha kuiweka barua hii kwenye bahasha, narudi ukutani.

Mimi niko,
Mamako