Rayon ya Baiskeli

Jumatatu, 6 Novemba
Madaftari arobaini na matatu ya kusahihisha. Nusu bado. Ng'ombe wa Papa Kabagambe wameingia tena kwenye maharagwe yangu asubuhi. Mara ya tatu tangu nirudi kutoka Beni. Sisi tulikimbia vita, yeye alibaki. Jirani aliyebaki hakosi kufaidika, hilo hakuna atakayelitoa kichwani mwangu. Salamu yake pia inanikera. "Mwalimu, uko?" Nisipokuwa hapa niwe wapi? Simpendi. Na binti yake Furaha wameniletea darasani kwangu, la sita. Macho ni yale yale ya baba yake.

Jumanne, 7 Novemba
Somo: mzingo wa duara. Mbili mara rayon, yaani kutoka katikati ya duara mpaka ukingoni, mara 3,14. Sitaki duara la chaki tu, nataka waone kitu cha kweli. Nimechagua gurudumu la baiskeli yangu. Mita ya kupimia ya shule ilipotea wakati wa vita na mkurugenzi hanunui nyingine. Nikapita kwa fundi wa baiskeli, nikamuuliza rayon ya gurudumu langu ina urefu gani. "Santimetre makumi tatu, Madame." Hata kichwa hakuinua. Mtu anayejua kazi yake. Basi: mbili mara 30 mara 3,14. Sentimita 188,4. Nimeandika ubaoni, wote wamenakili.

Jumatano, 8 Novemba
Wazo lilinijia nikifua. Kama gurudumu linapima, lipime kiwanja changu. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye mpira. Nimesukuma baiskeli kutoka barabarani mpaka kwenye ua wa miti wa Kabagambe, nikihesabu kila kitambaa kilipogusa chini. Mizunguko ishirini na tano. Mita 47. Karatasi ya kiwanja inasema 55.
Mita nane!
Nikarudia. Ishirini na tano tena. Mwizi. Sisi tunalala sakafuni Beni, yeye anahamisha ua.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimempelekea shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, karatasi na hesabu yangu. Atakuja Jumamosi.
Kazi ya nyumbani ya jana: tafuta mzingo wa gurudumu la baiskeli ya kwenu. Furaha kaandika 220. Hakuna rayon, hakuna 3,14. Eti kazungusha gurudumu la baiskeli ya baba yake mara moja chini, kaweka alama mbili, kapima kwa kamba na rula. Baiskeli ya baba yake ni sawa na yangu kabisa. Shingo ngumu kama mzazi wake. Nimempa sifuri, kwa kalamu nyekundu, kubwa. Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nilifurahi.

Jumamosi, 11 Novemba
Wamekuja. Shefu, wazee wawili, watu wa kutazama. Nilisukuma baiskeli mbele yao, wakahesabu kwa sauti. Ishirini na tano. Nikafanya hesabu, kalkuli yote, kwa kijiti ardhini. Nani angebisha na mwalimu? Kabagambe alisema ua ule ulipandwa na baba yake na haujasogea hata hatua moja. Alisema mara mbili. Vijana wawili wa kwao walisimama barabarani na mapanga. Walisema wanatoka shambani. Wa kwetu watatu nao wakasogea.
Shefu akaona. "Mumupatie huyu mama mita zake nane. Siye hatutaki tena vita hapa."
Vigingi vya mpaka mpya vikapigwa, na kwenye mita hizo nane ndipo ilipo migomba yake. Kumi na mmoja. Alikataa kuniachia ikiwa imesimama. Aliikata mwenyewe, mmoja mmoja, minne ikiwa na mikungu michanga. Hakumruhusu mtu amsaidie. Nilisimama nikatazama mpaka wa mwisho. Jioni nilipika kuku.

Jumatatu, 13 Novemba
Mpira umetoboka nikienda shule. Fundi akatoa gurudumu. Akalalamika: "Rayon mbili zimevunjika, Madame." Akachukua mpya, akaiingiza. Kijiti chembamba cha chuma. Kinaanzia pembeni ya kitovu cha gurudumu, kinaishia kwenye ringi. Hakifiki katikati. Hakigusi chini.
Rayon. Yeye alinipa ya kwake, spoki hii, mimi nikaifanya ya duara.
Nimeomba kamba. Nimeizungusha juu ya mpira. Nimepima kwa rula mara tatu pale pale, watu wakinishangaa. Sentimita 220. Mara ishirini na tano: mita 55. Hakikosekani kitu.

Jumanne, 14 Novemba
Sikwenda shule. Nimetuma habari kwamba nina homa. Sina homa. Nina aibu, na aibu haina dawa.

Jumatano, 15 Novemba
Kwa shefu. Nilimweleza yote, na kamba nilikuja nayo. Hakutaka kuiona. "Mambo ile tulishaimaliza. Weye unataka watu washike tena mapanga? Nyamaza tu, mama." Nyamaza tu. Njia nzima nilitamani kumtii. Mita nane za bure, kwa amri ya shefu! Na bado simpendi Kabagambe. Kosa langu halijamfanya awe mtu mwema. Lakini ua wake haukusogea.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimeng'oa vigingi vyote mwenyewe. Alinitazama kutoka mlangoni kwake. Nikavuka, nikamwambia: gurudumu, spoki, kamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinivunja.
"Migomba yangu utairudisha na kalkuli gani, Mwalimu?"
Akafunga mlango.

Ijumaa, 17 Novemba
Mvua kidogo. Nimeingiza baiskeli darasani. Nilitaka kusema mbele ya wote kwamba aliyekosea ni mimi, na kwamba mmoja wao alikuwa amepata. Nilimsubiri Furaha kwanza. Saa moja unusu, saa mbili. Mwenzake wa dawati akasema baba yake amemhamishia shule nyingine tangu jana. Nikafuta ubao. Nikaanza somo.