Jibu Linalopitia kwa Majirani

Matisi, Kitale. Jumamosi usiku, Agosti 2006

Ati watafiti na wakulima hawana uhusiano! Profesa wangu ameniandikia hivyo tena, na mimi naogopa tasnifu yangu kuhusu jinsi nchi inavyojifunza itaanguka.

Leo nilikuwa Ndalu kwa Mama Nafula, mkulima. Mahindi yake ya mwaka jana hayana mdudu hata mmoja. Nikamuuliza nani alimfundisha kuyahifadhi.

"Si ni mkwe wangu, mume wa binti yangu! Anafanya kazi huko kituo cha utafiti."

"Kwa hivyo alikuja akakuelezea?"

Alicheka hadi akashikilia mlango. "Wewe! Niongee na mkwe wangu? Hiyo ni aibu, bana."

Kumbe kwa heshima hawaongei ana kwa ana. Mkwe akija, mama anabaki jikoni. Anamtuma jirani amuulize, jirani anamletea jibu. Swali lingine, jirani mwingine. Ndiyo maana kijiji kizima kinajua kuhifadhi mahindi!

Nimerudi nyumbani nikiimba. Wasiwasi ni mmoja tu. Profesa anataka jina la taasisi inayowaunganisha watafiti na wakulima, na jina nililo nalo ni aibu ya mama mkwe.