Faili la Daktari

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Chemba sote wazima; bibi yako anagombana na kuku, na kuku wanashinda.

Umeuliza kama ilikuwa haki daktari kunyimwa kibali cha kwenda nje. Enzi zile hata mitumba iliingia nchini bila shida, ila daktari kutoka ilikuwa kazi. Nilikuwa karani wa masjala Dodoma. Mkubwa wangu aliagiza faili la daktari wetu pekee wa upasuaji lisionekane. Nikaliweka kitini, nikatandika mto, nikalikalia.

Kila Jumatatu alikuja.

"Shikamoo mzee. Faili langu?"

"Marahaba. Bado tunatafuta, daktari."

Kisha baba yako akashikwa na kidole tumbo, na daktari huyohuyo akampasua, akapona. Jumatatu akaja tena.

"Kijana anaendeleaje? Na faili langu?"

Nikainuka, nikampa. Lilikuwa la moto.

"Nilijua lilipo," akasema. "Karani gani kiti chake kinamwinua hivyo juu ya meza?"

"Sasa mbona hukulichukua?"

"Nilitaka unipe mwenyewe, mzee."

Akapeleka maombi yake juu, kibali kikatoka, akaondoka. Mkubwa alinifokea mpaka akachoka. Miezi michache baadaye jirani yetu alihitaji kupasuliwa, wakampeleka Morogoro. Nilimshika mkono mpaka basi likaondoka. Alirudi mzima, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni kwamba sijui nilikosea siku nilipokaa au siku nilipoinuka.

Babu yako, mwenye kukuombea.